Masomo ya Mtandaoni na Darasa la Mlimani

Twataka kunena habari za masomo yanayopatikana katika intaneti kwa ajili ya walimu, na za maarifa mengi yanayosifiwa humo ya kuwaamsha watoto darasani wasisinzie. Wako walimu wanaoyasifu masomo hayo kana kwamba kabla yake hakuna mtoto aliyefundishwa akaelewa. Wako na wazee wanaoyabeza, wakisema ya kuwa simu imeingia darasani ili mwalimu apate kupumzika. Sisi hatumo katika kundi la hawa wala la wale. Twaona ya kwamba somo la mtandaoni ni kazi iliyotungwa na mtu, kama vile kitabu kilivyotungwa na mtu, na kazi ya mtu yapasa kupimwa: ipi ni njema, ipi ni dhaifu, na ipi ni njema kwa wengine lakini haimfai mtoto wa Suji.

Kipimo chetu ni kimoja, nacho ni chepesi. Twauliza: mtoto anafanya nini wakati somo linapoendelea? Watoto 60 wakikaa kimya mbele ya picha zinazotembea, mgeni apitaye dirishani atasema ya kuwa darasa hili lina adabu, tena lapenda elimu. Huenda ni kweli. Lakini kuna ukimya wa mtu anayefikiri, na kuna ukimya wa mtu aliyetekwa macho tu, nao ukitazamwa kutoka nje hufanana kabisa. Mwalimu hutambua tofauti yake baadaye, picha zikiisha kuzimwa, anapouliza swali la kwanza na kuona vichwa vinainamia madawati.

Msomaji akumbuke na mahali tunaposimama. Suji iko juu ya milima ya Upare Kusini, na njia yake yapanda kutoka Makanya, penye reli na barabara kuu. Wamisionari wa Kiadventista walifika Giti mwaka 1903, na kwa miaka mingi shule za milima hii zilifundisha kwa ubao, chaki na sauti ya mwalimu. Vyombo vipya vilikuja baadaye. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, nasi twaliona hilo kuwa jambo jema, kwa maana ni afadhali chombo kiwe mkononi mwa mwalimu kuliko kulala katika ghala. Lakini kishikwambi bila bando ni kioo tu. Mwalimu anayetaka video ya nusu saa mara nyingi huinunua kwa fedha zake mwenyewe, akaipakua penye mtandao wenye nguvu, akaipeleka darasani ikiwa imekwisha hifadhiwa. Kwa hiyo twaongeza neno dogo katika kipimo chetu: somo lisiloweza kupakuliwa na kutumika pasipo mtandao, kwetu ni kama halipo.

Tuanze na kazi zilizotungwa hapa nchini. Wengi wa wasomaji wetu, au watoto wao, wamepata kuona katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa katika runinga ya TBC mwezi wa Januari 2014, na zile za wadogo zaidi ziitwazo Akili and Me. Huyu Akili ni mtoto wa miaka minne anayekaa na jamaa yake chini ya mlima Kilimanjaro, na usiku akilala huingia katika nchi ya ndoto ambamo hujifunza hesabu, herufi na maumbo pamoja na wanyama rafiki zake. Twazisifu kazi hizi kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili chake si cha kufasiriwa. Watu wake hucheka, huitana na kugombana kama watu wa kwetu. Pili, fundisho hufungwa ndani ya wimbo, na mtoto huuchukua wimbo nyumbani, akauimba akienda kuchota maji, na kanuni ya hesabu ikaenda pamoja naye. Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha ya kwamba watoto waliomtazama Akili walipata faida katika kuhesabu na kutambua maumbo. Sisi hatushangai.

Hata hivyo twaona upungufu, nao si wa kazi hizi peke yake, bali wa kila somo la picha lililokwisha rekodiwa. Akili huuliza swali, kisha hungoja kidogo ili watoto wajibu. Jambo hilo ni zuri, lakini yeye hasikii. Mtoto akijibu saba mahali pa tisa, Akili huendelea na safari yake kwa furaha ile ile. Nyumbani, penye watoto wawili na dada yao mkubwa, dada aweza kumsahihisha mdogo wake. Darasani, penye watoto 60, wanaojibu sawasawa hupiga kelele, wasiojua hufungua vinywa pamoja nao, na mwalimu asiposimamisha picha hatajua kamwe ni nani aliyesema nini. Basi mwalimu mwenye busara huweka kidole chake penye alama ya kusimamisha. Swali likiisha kuulizwa, picha isimame, watoto waandike jibu katika daftari, ndipo iendelee. Video ya dakika kumi hivyo yaweza kuchukua kipindi kizima, wala si hasara.

Sasa tuje kwa kazi ambayo kwa maoni yetu ni bora kuliko zote tulizozipima, ingawa haikutungwa kwa ajili yetu. Mwaka 2002 Carl Wieman, mtaalamu wa fizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, Marekani, kazi iitwayo PhET. Hizi si video. Ni majaribio ya kuigiza. Mwanafunzi hushika kwa kidole waya, betri na taa zilizochorwa, akaziunganisha, na taa ikawaka. Akiongeza betri mwanga huongezeka. Akiunganisha vibaya hata mkondo ukazidi, ndimi za moto hutokea katika kioo, wala hakuna aliyeungua. Hayana malipo. Mengi yaweza kupakuliwa, na baadhi yamefasiriwa kwa Kiswahili. Tena jambo kubwa kuliko yote ni hili: jaribio halisemi neno. Halimwambii mtoto jibu. Humwacha aguse, akosee, aone kilichotokea, aguse tena. Hapo kipimo chetu chajibiwa vema.

Lakini na hapa tutasema kasoro. Waya wa majaribio hayo haushiki kutu kamwe, betri yake haikununuliwa dukani ikiwa imekwisha lala mwaka mzima, wala taa yake haikulegea katika kishikio. Mwanafunzi aliyejifunza umeme kwa kioo peke yake huijua kanuni, lakini ukimpa tochi isiyowaka hajui pa kuanzia. Ndiyo maana twasema jaribio la kuigiza litangulie au lifuate jaribio la kweli, wala lisikalie kiti chake. Betri mbili za redio, kipande cha waya na taa ndogo ya tochi si mali ya kuishinda shule.

Twatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa kuwa unahusu kitu tulicho nacho sisi kuliko watu wa Colorado. Kati ya majaribio hayo limo moja linaloonyesha nguvu ya maji kadiri ya kina chake. Kuna tangi, mwanafunzi hushusha kipimo ndani ya maji na kuona namba ikipanda kadiri anavyokwenda chini. Aweza kubadili maji yawe petroli au asali, akaona tofauti. Wanafizikia wa Kiswahili huiita nguvu hiyo kanieneo, yaani kani juu ya eneo, neno ambalo watoto hulicheka siku ya kwanza na kulikumbuka siku zote. Jaribio ni zuri, lakini tangi lile ni la mtu asiye na jina, katika nchi isiyo na jina, na maji yake hayamwagilii shamba la mtu yeyote.

Sisi tunazo ndiva. Hakuna msomaji wa Upare asiyejua ya kuwa wazee walizuia maji ya vijito kwa mawe na udongo, yakajaa usiku, na asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mwalimu na awapeleke watoto penye ndiva na kamba na ndoo. Tuseme wameipima, wakaona urefu ni mita 20, upana mita 15, na kina mita moja na nusu. Wakizidisha watapata mita za ujazo 450, yaani lita 450,000. Kisha ndoo ya lita 20 iwekwe penye mlango wa maji, na mtoto mmoja ahesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde mbili, basi hutoka lita 10 kwa kila sekunde, na ndiva yote itakwisha kwa sekunde 45,000, ambazo ni saa 12 na nusu. Hapo huzuka swali ambalo halimo katika kitabu chochote: je, zamu ya mwenye shamba la mwisho yamfikia jua lingalipo? Tena swali la pili: kwa nini ukuta ulijengwa mnene chini kuliko juu, na ni nani aliyewafundisha wazee? Ndipo warudi darasani, wafungue lile tangi la Colorado, washushe kipimo, na namba zile zitasema nao. Kila mita kumi za kina huongeza kanieneo karibu sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Kwa mita moja na nusu si haba, na mtoto aliyeuona ukuta ulivyopasuka msimu wa mvua atalielewa jambo hilo kuliko mtoto wa mjini.

Tena kuna ajabu ambayo wasomaji wetu hawana budi kuijua. Wanafunzi wa chuo cha elimu ya maji kilichoko Delft, Uholanzi, wamekuja katika bonde la Makanya, wakazisoma ndiva na mifereji yake, wakaandika vitabu vya kupatia shahada ya udaktari, navyo vyasomwa bure mtandaoni. Basi ndiva zetu zimekuwa somo la mtandaoni la watu wengine, kwa Kiingereza kigumu, hali mtoto anayezipita kila asubuhi akienda shule hajapata kuulizwa swali moja juu yake. Wale walioandika hawana lawama. Lawama, kama ipo, ni yetu sisi walimu tunaotafuta humo nyimbo za kuchangamsha darasa tukapita mlangoni pa kazi iliyoandikwa juu ya kijiji chetu.

Juu ya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania tutasema machache. Imeweka vitabu vya kiada ambavyo zamani shule moja ilipata nakala tano kwa watoto mia. Ni msaada mkubwa, hasa tangu mitaala mipya ilipoanza kutumika Januari 2024 na vitabu vya zamani vikapitwa na wakati. Lakini kitabu katika kioo ni kitabu. Hakimchangamshi mtoto kuliko kile cha karatasi, na husomwa kwa shida zaidi jua likiingia dirishani. Kitumiwe na mwalimu kujiandaa usiku.

Kuna hoja moja nzito juu ya kipimo chetu, wala hatutaki kuipita kimya. Watu husema: mwamsisitiza mwalimu, lakini je, hamkusikia habari za Tanga? Ni kweli, twazijua. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 vishikwambi viligawiwa kwa watoto wapata 2,700 katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, jirani zetu hawa, katika mashindano yaitwayo Global Learning XPRIZE. Watoto wengi wao hawakuwa na shule. Hakuwapo mwalimu, kilikuwapo chombo chenye masomo ya Kiswahili, na kituo cha kukichaji kwa nguvu ya jua. Mwanzoni zaidi ya tisa katika kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 hesabu ya hao wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 makundi mawili, Kitkit School na onebillion, yaligawana tuzo ya dola milioni 10, na programu zote za mashindano ziliachwa wazi ili mtu yeyote azitumie.

Jambo hili ni kubwa, na anayelidharau hana haki. Mtoto asiye na mwalimu akipata chombo cha namna ile, amepata mlango. Lakini habari hiyo isomwe mpaka mwisho wake. Nusu ya hao walibaki hawawezi kusoma neno, wakiwa na chombo kile kile mkononi. Tena waliofaulu walijifunza hatua ya kwanza ya kusoma na kuhesabu. Hakuna aliyejaribu kuwafundisha kuandika barua, kubishana kwa hoja, au kujua kwa nini mwenye shamba la mwisho anakosa maji. Tena kila mtoto alikuwa na chombo chake. Mwalimu wa Suji mwenye kishikwambi kimoja na watoto 60 hawezi kuyachukua matokeo ya Tanga akayaweka katika darasa lake, kama vile mtu hawezi kupima kanzu ya mtu mmoja juu ya ukoo mzima. Twaona ya kwamba funzo la Tanga ni jingine: masomo yale yalitungwa kwa Kiswahili, kwa hatua ndogo ndogo, na chombo kilingoja jibu la mtoto kabla ya kwenda mbele. Mwalimu asiye na vyombo aweza kuiga mambo hayo matatu kwa chaki.

Yabaki yale yanayoitwa mawazo ya ubunifu, ambayo mtandao umejaa nayo hata yachosha. Mengi yameandikwa na walimu wenye wanafunzi 25, mikasi, karatasi za rangi na gundi. Mwalimu wetu akiyasoma huhuzunika bure. Lakini humo humo kuna lulu. Mwaka 1981 Frank Lyman, Mmarekani, alieleza njia ya kuwapa wanafunzi swali, kila mtu afikiri peke yake kwa kitambo, kisha amweleze mwenzake wa karibu, ndipo wachache waseme mbele ya wote. Haina gharama. Yafaa darasa la watoto 70 waliobanana watatu kwa dawati, tena humfanya yule msichana mwenye haya aseme angalau kwa sikio moja. Twaipenda kuliko nyimbo zote na makofi ya kuchangamsha, ambayo huwaamsha watoto kwa dakika mbili na kuwaacha palepale walipokuwa.

Wala tusisahau ya kuwa sisi tulikuwa na shule ya namna hiyo kabla ya intaneti. Kitendawili ni nini, kama si swali lenye kumfanya msikilizaji afikiri hali anacheka? Anayetega hangoji makofi. Hungoja jibu, na asiyejua hutozwa mji. Mwalimu wa sayansi na atege vitendawili juu ya mizizi, juu ya mvuke, juu ya jasi inayochimbwa Makanya, na watoto watunge vyao usiku kwa kesho yake. Tumeona jambo hilo likifanywa, na kelele yake ilikuwa ya furaha hata mwalimu wa darasa la pili akaja kulalamika.

Juu ya lugha, neno moja. Mtoto wetu huanza na Chasu nyumbani, akaja shuleni kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza hufundishwa kwa Kiingereza. Video nyingi nzuri za sayansi ni za Kiingereza cha haraka cha Kimarekani, na mtoto huona picha nzuri na kusikia mvua ya maneno. Ushauri wetu ni mwalimu azime sauti na kuieleza picha mwenyewe, polepole, kwa Kiingereza chepesi, akirudia kwa Kiswahili penye ugumu. Watunzi wa video hawatapendezwa. Hayo si neno.

Tulikuwa tukisema na walimu. Sasa twasema na wazazi, maana ni wao watakaoulizwa juu ya fedha. Mahali pengi wazazi huombwa kuchangia projekta ya shule. Twashauri waulize kwanza maswali haya: darasa lina mapazia? Kwa kuwa picha ya projekta hufifia mchana katika chumba chenye nuru. Umeme ukikatika kuna njia nyingine? Ni nani atakayeitunza likizoni, katika ukungu na unyevu wa milima hii? Kama majibu hayapo, fedha hiyo yafaa zaidi ikinunua betri, waya, taa ndogo, kamba za kupimia na mizani, na kadi ya kuhifadhia masomo yaliyopakuliwa, ili kishikwambi kilichokwisha kupatikana kizunguke kwa makundi ya watoto wanane wanane, wengine wakiwa kazini na vitu vya kweli. Fedha ikibaki, inunuliwe spika ndogo ya kuchaji, kwa maana sauti ya kishikwambi haifiki dawati la tatu.